Priampu ya raki ichaguliwe kwa sauti safi kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na viongozi wa bendi, kamati za kwaya na vijana wanaojichanga kununua priampu ya gita ya kufungwa kwenye raki (fremu ya kupangia vyombo). Ushauri wanaokutana nao ni mmoja: tafuta yenye sauti nyingi, yenye valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), yenye jina kubwa. Ushauri huo ulizaliwa kwa wapiga roki wa Marekani na Ulaya, na kwao una maana, maana gita lao linakoroma usiku kucha. Gita la dansi halikoromi. Mpiga solo wa sebene anamwaga nota kumi pale ambapo mwenzake wa roki anapiga moja na kuivuta, na kila nota lazima ianze na iishe peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: sauti safi ya chombo hiki inafika wapi kabla ya kuanza kuchanika?

Kwa wasiokijua chombo chenyewe, priampu ni ile hatua inayopokea mawimbi dhaifu kutoka kwenye pikapu za gita (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi), ikayakuza na kuyapa umbo kabla hayajaingia kwenye amplifaya ya nguvu na spika. Ya raki ina upana wa inchi 19, yaani milimita 482.6, na kimo chake hupimwa kwa U. U moja ni milimita 44.45. Nyingi za zamani ni U 1, za kidijitali za siku hizi nyingi ni U 3. Ikinunuliwa peke yake haitoi sauti yoyote ya kusikika ukumbini. Hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloacha fedha nyingi za bendi zikilala kabatini.

Sauti ya gita hutengenezwa na vitu vitatu: priampu, amplifaya ya nguvu na spika. Spika ya gita ya inchi 12 huanza kuporomoka kwa kasi baada ya kama 5 kHz. Haina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na haitakiwi kuwa nayo. Spika za ukumbini zinapanda mpaka 15 kHz na zaidi. Ukitoa priampu yenye distoshoni (sauti ya kukoroma) moja kwa moja kwenda kwenye miksa bila kitu cha kuigiza spika ya gita, yale makwaruzo yote ya juu ambayo spika ya inchi 12 ingeyameza yatatoka kwenye twita, na utasikia nyuki ndani ya kopo. Mpiga gita atalaumu priampu, fundi mitambo atalaumu gita, na wote wawili watakuwa wamekosea. Sauti safi inavumilia zaidi: ikienda kwenye miksa bila kuigiziwa spika inakuwa kali na nyembamba, ila ukikata kila kilicho juu ya 6 kHz kwenye chaneli hiyo itakubalika.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuangalia mbele ya priampu, igeuze uangalie nyuma. Unatafuta njia mbili za kutokea: moja ya kawaida, inayokwenda kwenye amplifaya ya jukwaani, na nyingine inayoigiza spika, inayokwenda kwenye miksa. Zenye zote mbili, na zenye kushoto na kulia, zitakufaa popote. Yenye ya kawaida pekee itakudai kifaa kingine cha kuigiza spika, au kipaza sauti mbele ya kabineti kila siku ya kazi.

Angalia pia kama kuna swichi ya kiwango. Vyombo vya studio na miksa kubwa hutumia kiwango cha +4 dBu, ambacho ni takriban volti 1.23. Vyombo vya nyumbani na pedali nyingi ziko karibu na -10 dBV, takriban volti 0.32. Tofauti hiyo ni karibu mara nne. Ukiunganisha kubwa kwa ndogo, sauti ya pedali ya mwangwi iliyo kwenye njia ya madoido (jeki za Send na Return za kupitishia vifaa kama hivyo) inapasuka hata ukishusha gita. Ukiunganisha ndogo kwa kubwa, unalazimika kufungua voliumu mpaka mwisho na unapata mshindo wa shhh kama mvua juu ya bati. Vijana wengi hubadilisha valvu kutafuta dawa ya mshindo huo wakati dawa yenyewe ni kusogeza swichi moja nyuma ya chombo.

Bendi yenye kombo nzuri, yaani amplifaya na spika katika sanduku moja, haina haja ya kununua amplifaya nyingine. Ingiza priampu kwenye jeki iliyoandikwa Return nyuma ya kombo, usiingize mbele pale panapoingia gita. Mbele kuna priampu nyingine. Utakuwa umepika chai ukaimimina ndani ya kahawa. Na niseme wazi, hata kama wauzaji watanuna: bendi inayomiliki Roland JC-120 iliyo nzima, ile yenye spika mbili za inchi 12 na koras yake ya stirio (madoido yanayoifanya sauti isikike kama ya magita zaidi ya moja), kwa sauti safi tayari imefika. Fedha ya priampu ikalipie nyaya, stendi na stabilaiza.

Sasa vyombo vyenyewe. Vinavyotajwa sana katika soko la mitumba ni vitatu.

ADA MP-1 ilitoka mwaka 1987, Marekani. Ina valvu mbili za 12AX7, kumbukumbu 128 (nafasi za kuhifadhi sauti ulizopanga) na koras ya stirio ndani yake. Jina lake limejengwa na wapiga roki wa miaka ya 1980, ndiyo maana kila anayeiuza anaisifia kwa distoshoni. Ina sauti za aina tatu: ya valvu yenye distoshoni, ya valvu iliyo safi, na ile isiyopita kwenye valvu kabisa. Mpiga solo wa dansi aanze na hiyo ya tatu. Ni safi kama kioo, haibani nota, na ukiongeza koras kidogo, kasi ikiwa chini na kina kisizidi robo, unapata ule mng'ao ambao masikio ya watu wetu yameuzoea tangu enzi za kaseti. Inachekesha kwamba watu wanaitafuta kwa ajili ya valvu, halafu sauti inayowafaa zaidi ni ile inayoziruka. Udhaifu wake ni mshindo ukifungua geini (kiasi cha kukuza mawimbi mwanzoni), na umri. Chombo cha mwaka 1987 kina kapasita (vijisehemu vya kuhifadhi umeme) za mwaka 1987, nazo huzeeka, isipokuwa kuna fundi aliyekwisha kuzibadilisha.

Marshall JMP-1 ni ya Uingereza, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Valvu mbili za ECC83 (hiyo ni 12AX7 kwa jina la Ulaya, valvu ileile), kumbukumbu 100, sauti nne: mbili safi, mbili za kukoroma. Nyuma ina njia za kutokea zinazoigiza spika, kushoto na kulia, na hapo ndipo inapoipita MP-1 kwa bendi isiyo na kabineti ya gita. Sauti zake safi ni nene kuliko za MP-1, na kwa gita la humbucker (pikapu za koili mbili) zenye nguvu huanza kuchanika mapema. Weka geini chini, pandisha voliumu ya kumbukumbu, punguza besi hatua moja au mbili. Kwa gospo yenye solo ya kuvuta nota, JMP-1 ndiyo inayoongoza kati ya hizi tatu kwa bei yake. Kasoro zake zinajulikana: nobu ya kuzungushia namba huchakaa ikaanza kurukaruka, na sehemu ya umeme ndani hupata joto mpaka viungo vya lehemu vinapasuka. Hivyo vyote fundi mzuri wa redio anaviweza.

Mesa/Boogie TriAxis ndiyo ghali. Valvu tano, sauti nane, na uso wa mbele unaoonyesha kila kipimo kwa namba za taa kwa wakati mmoja, kwa hiyo hubahatishi. Sauti yake iitwayo Rhythm Green inafuata amplifaya za Fender za miaka ya 1960, na kwa sauti safi sijui priampu ya zama zile yenye valvu inayoipita: pana, yenye kengele juu, isiyochoka. Nikiulizwa kwa masikio peke yake, ndiyo ningeitaja kwanza. Nikiulizwa kwa mfuko wa bendi inayosafiri kwa basi, siitaji. Ndani yake hakuna nobu za kawaida zinazopitisha sauti. Kuna vijisanduku vidogo vyeusi, kila kimoja kina taa na rezista inayobadilika kwa mwanga. Ukiongeza trebo, taa ya kijisanduku fulani inawaka zaidi na rezista yake inalegea. Ni ufundi mzuri, ila vijisanduku hivyo vinazeeka, tena kila kimoja kwa mwendo wake, na dalili yake ni kipimo kimoja kukosa nguvu katika sauti fulani huku nyingine zikiwa nzima. Kuvipata ni kuagiza, na kujua kipi kimekufa ni kazi ya mtu mwenye mchoro na subira.

Zipo nyingine. Tech 21 SansAmp PSA-1 haina valvu hata moja, inaigiza spika yenyewe, ni nyepesi na haisumbui. Kwa gita la besi nayo inafaa. Synergy wanauza sanduku la raki linalopokea moduli, kila moduli na valvu zake mbili na sauti zake, kwa hiyo unabadilisha tabia ya priampu bila kubadilisha chombo kizima. Ni wazo zuri kwa studio. Kwa bendi, moduli ya pili huwa haifiki kamwe.

Za kidijitali zinahitaji maneno zaidi. Axe-Fx III ya Fractal Audio, Kemper ya raki na Helix Rack ya Line 6 zinabeba amplifaya, spika, mwangwi na koras zote ndani ya U 3. Kwa mpiga gita anayelazimika kupiga zouk saa mbili, rege saa tatu na sebene saa nne, hakuna chombo cha valvu kitakachomfuata kwa wepesi huo. Pia zinapokea umeme wa volti 100 hadi 240 bila transfoma ya nje, jambo ambalo kwetu si dogo. Udhaifu ni wa namna mbili. Umeme ukikatika sekunde moja, zinazima na kuwaka upya polepole kama kompyuta, na wacheza dansi hawasubiri. Kwa hiyo UPS ndogo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Na ubao wake ukiungua, hapa hautengenezwi, unabadilishwa mzima. Kuna pia kosa la watumiaji: kufungua sauti iliyotengenezwa na kiwanda, yenye mwangwi mwingi na upana wa stirio, na kuipeleka ukumbini ilivyo. Sauti hizo zilipikwa kwa ajili ya headfoni. Ukumbi una mwangwi wake. Zima rivebu, punguza dilei hadi isikike tu ukinyamaza, kata chini ya 100 Hz umwachie mpiga besi nafasi yake, ndipo uanze kurekebisha.

Jaribio la sauti safi liwe hili. Chukua gita lenyewe litakalotumika, maana la pikapu za koili moja na la humbucker hayatoi nguvu sawa. Voliumu ya gita iwe mwisho. Shusha geini ya priampu mpaka chini, kisha ipandishe huku ukipiga kodi nzima ya nyuzi sita kwa nguvu zote. Ikianza kukwaruza, rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo mpaka. Sasa, bila kugusa geini, piga nyuzi mbili za juu kuanzia freti ya 12, kwa mwendo wa sebene, dakika mbili nzima. Sikiliza kama nota zinabaki zimetengana au zinaanza kushikana kama uji. Kisha acha kupiga. Mshindo uliobaki kwenye ukimya huo ndio utakaoishi nao. Priampu mbili zinaweza kulingana kwa uzuri wa nota na kutofautiana sana kwenye ukimya.

Ikiwa tayari unayo priampu ya valvu na inachanika mapema, usiiuze bado. Valvu ya 12AX7 ina ukuzaji wa 100. Ipo 5751 inayoingia kwenye tundu lilelile ikiwa na ukuzaji wa 70. Ukiiweka kwenye nafasi ya kwanza, ile inayopokea gita, nafasi ya sauti safi inaongezeka bila kugusa lehemu. Zima, chomoa waya wa umeme, subiri angalau robo saa kabla ya kufungua, na hata hapo mpe kazi hiyo mtu anayejua kupima: kapasita za ndani zinaweza kushika volti mia mbili na zaidi baada ya chombo kuzimwa.

Kumbukumbu 100 au 128 ni za kwenye tangazo. Mpiga gita wa dansi anatumia nne: ya mwimbaji akiwa anaimba, ya sebene, ya solo, na moja ya akiba. Ya sebene isiwe sauti nyingine kabisa. Chukua ileile ya kwanza, punguza besi, ongeza kiwango cha mwisho kwa 3 dB. Ya solo, 3 au 4 dB nyingine. Kuongeza huku kufanyike kwenye voliumu ya kutokea, kamwe kusifanyike kwenye geini, kwa sababu geini inabana sauti, na mpiga solo aliyeongeza geini husikika mnene zaidi kwake na mdogo zaidi kwa watu wa nyuma ya ukumbi.

Kubadilisha kumbukumbu kwa mguu kunahitaji pedali ya MIDI (mfumo wa vyombo vya muziki kupeana amri) na waya wa pini tano, usiozidi mita 15. Kosa linalorudiwa kila siku ni la namba: pedali nyingine zinahesabu kuanzia 0, nyingine kuanzia 1. Ukikanyaga 5 ikaja 6, chombo hakijaharibika. Panga upya au kubali tofauti hiyo na uiandike kwenye plasta juu ya pedali. Ukikanyaga na hakuna kinachotokea, hakikisha waya umetoka kwenye Out ya pedali kwenda kwenye In ya priampu, kisha tazama namba ya chaneli ya MIDI pande zote mbili.

Umeme ndio unaoua mitumba mingi. Tanzania tuna volti 230, Kenya 240. Chombo kilichotoka Marekani kinataka 120, cha Japani kinataka 100. Transfoma ya kushusha inayouzwa madukani hugawa kwa mbili. Kwa chombo cha Marekani, 230 inakuwa 115, hakuna neno. Kwa cha Japani, umeme ukipanda 240 chombo kinapata 120, yaani asilimia 20 zaidi ya kiasi chake, na nyuzi za moto za valvu zinazotakiwa kupata volti 6.3 zinapata kama 7.5 ikiwa hazina rigyuleta. Zitawaka, zitapendeza, na zitakufa mapema. Kwa vyombo vya Japani tafuta transfoma yenye njia ya kutokea ya volti 100. Ukubwa wa VA 100 unatosha kwa priampu moja. Epuka vile vigeuzi vyepesi vya kiganjani vilivyotengenezwa kwa pasi na mashine za kukaushia nywele. Hakuna transfoma ndani yake, na kitu kinachopaswa kuwa wimbi laini kinatoka kimekatwakatwa.

Unaponunua iliyotumika, iwashe na uiache nusu saa kabla ya kuamua. Kasoro za joto hazijitokezi dakika ya tatu. Katika nusu saa hiyo zungusha nobu polepole uone kama namba zinaruka, gonga kila valvu kwa upande wa kifutio wa penseli usikilize kama inalia kama kengele (ikilia, imechakaa), jaribu njia zote za kutokea, kushoto na kulia. Hifadhi kumbukumbu moja, zima, chomoa, subiri, washa. Ikiwa imesahau, betri ndogo ya volti 3 iliyolehemiwa ndani imekwisha. Hilo ni dogo, tumia kupunguza bei. Fundi akiibadilisha aweke kishikio cha betri ili mara ijayo usihitaji lehemu, na kabla hajaitoa, kama bado ina uhai, kumbukumbu zote zipelekwe kwenye kompyuta kwa MIDI. Zilizo ndani zitafutika pindi betri inapotoka.

Mvumo nao unasema. Chomoa gita kwanza, ili pikapu zisikudanganye. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene, freti ya tatu, kwenye gita lingine lolote lililo karibu: hiyo ni G, 98 Hz. Mvumo unaolingana na nota hiyo uko karibu na 100 Hz, na kwa kawaida unatoka kwenye kapasita za kuchujia umeme zilizokauka. Ni kazi ya fundi. Mvumo ulio oktavu moja chini, sawa na G ya uzi mnene wa gita la besi, ni 50 Hz, na mara nyingi ni vyombo viwili vilivyounganishwa ardhi kwa njia mbili. Huo unaondoka kwa boksi la DI (kijisanduku cha kuunganishia chombo na miksa) lenye swichi ya kutenganisha ardhi kati ya priampu na miksa. Hauondoki kwa kukata pini ya ardhi kwenye plagi, ingawa mvumo utanyamaza kweli. Siku bati la chombo litakaposhika umeme, njia pekee ya kwenda ardhini itakuwa mpiga gita aliyeshika nyuzi huku midomo yake ikigusa kipaza sauti.

Halafu kuna ugonjwa unaofanya priampu nzima ziuzwe kama chuma chakavu, hasa hapa Pwani. Sauti inashuka, inarudi, inashuka tena, au inakatika kabisa ukicheza na nyaya. Mara nyingi ni jeki ya njia ya madoido. Ndani yake kuna kijibati kinachounganisha sauti pale ambapo hakuna waya uliochomekwa. Hewa ya chumvi inakila, kinapata kutu nyembamba usiyoiona, na sauti haipiti. Chukua waya mfupi, unganisha Send na Return. Sauti ikirudi, umeshapata jibu. Safisha jeki kwa dawa ya kusafishia viungo, chomeka na kuchomoa mara kumi, au uache huo waya mfupi pale pale maisha yote.

Kwenye raki, acha U 1 tupu juu ya chombo cha valvu. Funga skrubu zote nne, zisiwe mbili za juu peke yake, kwa sababu barabara mbovu hupinda masikio ya chombo kilichoning'inia. Na fundi akibadilisha muunganisho wa transfoma ya ndani kutoka 120 kwenda 230, kwa vyombo ambavyo transfoma yake inaruhusu, fyuzi nayo ibadilishwe: mkondo unapungua nusu, kwa hiyo fyuzi iliyokuwa ampia 1 iwe nusu ampia. Iwe yenye herufi T, inayovumilia mshtuko wa kuwasha. Yenye herufi F itaungua kila ukiwasha, mpaka siku mtu atakapochoka na kuikunjia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Wako,
Fundi wa vyombo vya muziki,
Dar es Salaam